Taa ya Mbali: Setilaiti ya Ngomeni na Shimo Lisiloonekana

Simama ufukweni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, usiku wa giza usio na mwezi, utazame baharini. Kwa mbali inamulika taa moja. Je, ni karabai ya mvuvi aliye karibu, au ni taa kubwa ya meli inayopita huko kwenye kina kirefu? Jicho peke yake haliwezi kukuambia. Taa ndogo ya karibu na taa kubwa ya mbali huweza kuingia jichoni zikiwa sawasawa. Mpaka uujue umbali, hujui unachokitazama.

Wanaastronomia wamo katika hali hiyo kila usiku. Anga lote kwao ni bahari yenye taa, na swali la kwanza ni lilelile: iko umbali gani? Nimeanzia Ngomeni kwa makusudi. Mbele ya ufuko huo, ndani ya maji, imesimama miguu ya chuma ya majukwaa mawili, San Marco na Santa Rita. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kenya siku hiyo ilikuwa ikitimiza miaka saba tangu ipate uhuru. Kwa kuienzi siku hiyo na ukarimu wa wenyeji, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwa nini Ngomeni? Dunia inajizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na mahali inapokwenda kasi zaidi ni kwenye ikweta, takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi iliyosimama pwani ya Kenya inayo kasi hiyo hata kabla haijawashwa. Ikielekezwa mashariki, hurushwa ikiwa imeshasukumwa bure, na chini yake kuna Bahari ya Hindi tupu, kwa hiyo vipande vinavyomwagika njiani haviangukii kijiji cha mtu. Roketi iliyotumika, iliyoitwa Scout, ilikuwa ndogo, yenye hatua nne za fueli ngumu, na kwa roketi ndogo msaada kama huo si wa kudharau. Kulikuwa na faida nyingine pia. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita mia tano hivi hupita chini ya mikanda ya mionzi iliyoizunguka Dunia. Vyombo vya kupima eksirei vikipita ndani ya mionzi hiyo hujaa kelele, kama redio iliyowekwa karibu na mashine ya kuchomelea chuma.

Mradi wa majukwaa ulikuwa wa Waitaliano, ukiongozwa na Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Upande wa NASA msimamizi wa setilaiti alikuwa Marjorie Townsend. Kichwa cha kisayansi kilikuwa Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuifungua elimu hii ya eksirei za angani. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka baharini hapo. Nasikitika kwamba watoto wengi wa pwani hukua wakiiona ile miguu ya chuma bila kuambiwa ilibeba nini.

Sasa, eksirei zenyewe. Ukienda kupigwa picha ya mkono hospitalini, miali hupenya nyama ikazuiwa na mfupa. Mtu angedhani miali yenye nguvu hiyo ingetufikia kirahisi kutoka angani. Haitufikii hata mmoja. Hewa iliyo juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi ina uzito wa takriban tani kumi, na miali hiyo yote huishia humo. Ni heri kwetu, kwa kuwa tungeungua. Lakini kwa anayetaka kuiona mbingu katika nuru hiyo, njia ni moja: kupanda juu ya hewa.

Mwaka 1962 Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo iliyokaa juu kwa dakika chache tu kisha ikaanguka. Dakika hizo zilitosha kuonyesha kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: katika kundinyota la Akarabu, yaani Nge, kulikuwa na kitu kinachotoa eksirei kwa wingi ajabu. Jua letu pia hutoa eksirei, lakini kidogo sana ukilinganisha na nuru yake. Kile kilikuwa kiumbe cha namna nyingine kabisa. Katika miaka iliyofuata roketi nyingine zilipanda, zikachungulia, zikaanguka. Ilikuwa kama kujaribu kuisoma barua kwa mwanga wa radi.

Uhuru ilikuja kuwasha taa. Iliizunguka Dunia mara moja kila dakika 96 hivi, huku yenyewe ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12. Haikuwa na kioo wala lenzi. Kila mtoto aliyecheza na kikonyo cha jani la mpapai anajua kwamba ukikiweka jichoni unaona kipande kidogo tu cha mbele yako, na pembeni kote giza. Uhuru ilitazama hivyohivyo, kupitia vishubaka vyembamba vya chuma vilivyopangwa mbele ya masanduku ya gesi. Muali wa eksirei ukiingia kwenye gesi huacha cheche ndogo ya umeme, na cheche huhesabiwa. Setilaiti ikijigeuza, hesabu inapanda kitu kinapoingia mbele ya vishubaka, inafika kilele, inashuka. Basi. Kila kitu tulichojifunza kutoka kwake kilitoka katika kupanda na kushuka kwa hesabu hiyo.

Kitu kimoja katika kundinyota la Kantori kilionekana kikidunda kama moyo, mdundo mmoja kila sekunde 4.8, na kila baada ya siku mbili hivi kikizimika, kisha kikarudi. Maelezo yake: nyota ya nyutroni, yaani mabaki ya nyota kubwa yaliyobanwa hadi yakawa na upana wa mji mmoja, inajizungusha upesi huku ikiizunguka nyota nyingine, na inapopita nyuma ya mwenzake tunapoteza nuru yake.

Lakini kilichowanyima watu usingizi kilikuwa katika kundinyota la Dajaja, lile linaloitwa Cygnus katika vitabu vya Ulaya. Kwetu pwani, mwezi wa Septemba, saa tatu usiku, Dajaja liko juu upande wa kaskazini, limekaa katikati ya ule ukanda mweupe wa nyota. Kitu hicho kinaitwa Cygnus X-1. Hakikudunda kwa mpangilio. Kilimemeteka ovyo, hesabu ikiruka juu na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Mmemeteko huo ulikuwa na habari kubwa ndani yake, na inahitaji subira kidogo kuielewa.

Fikiria swala ya Idd kwenye uwanja mpana. Imamu anamaliza Fatiha, na maelfu wanaitikia "Amina" kwa pamoja. Wewe umekaa safu ya mbele. Hata kama wote wametamka kwa wakati mmoja, sauti ya walio jirani inakufikia papo hapo, na sauti ya walio mita 340 nyuma yako inakufikia sekunde moja baadaye, kwa kuwa sauti nayo husafiri. Kwa hiyo "Amina" ya uwanja mkubwa husikika ndefu, inavutika. Ya watu kumi sebuleni hukatika mara moja. Mtu aliyefumbwa macho angeweza kukisia ukubwa wa uwanja kwa kusikiliza tu jinsi Amina inavyovutika.

Nuru ni hivyohivyo, ila mwendo wake ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Jua lina upana wa kilomita milioni 1.4, na nuru huchukua sekunde nne na nusu kulivuka. Jua lote lingezimwa kwa mkupuo na kuwashwa tena, tungeona likififia kwa sekunde, halingekatika ghafla. Kitu kinachobadilika wazi ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi, hakiwezi kuwa na upana wa zaidi ya kilomita 30,000. Upana mdogo kuliko wa sayari Mshtarii, lakini kikitoa nguvu ambayo Jua halifui dafu mbele yake. Hivyo ndivyo watu walivyojua udogo wa kitu ambacho hakuna aliyekiona umbo lake.

Jicho la Uhuru halikuwa kali, liliweza kuonyesha eneo tu. Mwaka 1971 darubini za redio zilinasa mawimbi yaliyoanza kutoka eneo hilo wakati uleule eksirei zilipobadilika, na darubini za redio hujua kuelekeza kidole barabara. Pale palipoelekezwa palikuwa na nyota kubwa mno ya rangi ya buluu. Haionekani kwa macho matupu, ingawa darubini ndogo ya mkononi inaipata. Nyota kama hiyo haiwezi kutoa eksirei nyingi kiasi kile. Basi nani anazitoa?

Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, waliikazia macho. Basi likija kwa kasi likipiga honi, sauti ni nyembamba. Likishakupita, inakuwa nzito. Nuru ya nyota inayotujia nayo husogea kidogo upande wa buluu, na ya nyota inayotukimbia husogea upande wa nyekundu. Nyota ile ilikuwa inakuja na kurudi, inakuja na kurudi, kila siku 5.6. Ilikuwa ikizungushwa na kitu. Nyota yenye uzito wa Majua mengi ilikuwa inayumbishwa kama ndama aliyefungwa kamba, na kwenye ncha ya pili ya kamba hapakuonekana mtu.

Kanuni za mvutano zinatosha kukadiria uzito wa asiyeonekana, na makadirio yalimtoa mzito mno. Nyota ya nyutroni ikipita kiasi cha Majua matatu hivi haiwezi kujibeba. Inajiporomokea ndani bila kikomo. Kitu kidogo, cheusi, kizito kupita kiasi hicho kina jina moja tu: shimo jeusi. Hapo awali lilikuwa neno la watu wa hesabu. Sasa lilikuwa na anwani.

Eksirei zenyewe hazitoki ndani ya shimo, kwani humo hakitoki kitu, hata nuru. Zinatoka mlangoni. Gesi ya nyota ya buluu hunyonywa, na kwa kuwa haianguki moja kwa moja, huzunguka kama maji yanayokimbilia tundu la karai. Tabaka la ndani linakimbia kuliko la nje, na yanasuguana. Baharia yeyote aliyewahi kushika kamba ya nanga ikamponyoka kiganjani anajua msuguano unavyobabua. Huko msuguano huipasha gesi joto la mamilioni ya digrii, na kitu chenye joto hilo hung'aa kwa eksirei. Tunachokiona ni kilio cha mwisho cha gesi kabla haijavuka. Mwanafizikia Stephen Hawking aliweka dau na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974 kwamba hicho si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakubali kwamba ameshindwa.

Turudi ufukweni. Yote hayo yalikuwa na pengo: umbali. Usipojua nyota ya buluu iko mbali kiasi gani, hujui mng'ao wake halisi. Usipojua mng'ao, hujui ukubwa wala uzito wake. Na uzito wa yule asiyeonekana ulikuwa ukihesabiwa kutokana na uzito wa mwenzake. Karabai au meli? Swali halikuwa limekwisha.

Njia ya kulijibu ni ileile ambayo wewe ungetumia Ngomeni. Weka alama mchangani, iangalie taa, uone iko sambamba na taa ipi nyingine ya mbali zaidi. Kisha tembea hatua mia mbili ukifuata ufuko, uiangalie tena. Ikiwa ni karabai ya karibu, itakuwa imehama pakubwa. Ikiwa ni meli ya mbali, haitaonekana kusogea. Ukijua ulitembea hatua ngapi na taa imehama kwa pembe gani, hesabu ya pembetatu ya darasani inakupa umbali.

Kwa nyota, ufuko ni njia ya Dunia kuzunguka Jua. Januari tuko upande huu, Julai tuko upande wa pili, kilomita milioni 300 kutoka pale tulipokuwa. Huo ndio mwendo mrefu kuliko wote ambao mwanadamu anaweza kuutembea bila kuinuka kitini. Na bado ulikuwa mfupi. Kwa karne nyingi watu waliangalia nyota zihame, hazikuhama hata kidogo, wakaona ni ushahidi kwamba Dunia haisogei. Ukweli ulikuwa kwamba nyota ziko mbali kuliko mtu yeyote alivyothubutu kufikiri. Wa kwanza kutangaza umbali wa nyota uliopimwa na kuaminika alikuwa Friedrich Bessel, mwaka 1838, kwa nyota inayoitwa 61 Cygni, iliyomo katika Dajaja hilohilo. Iko mbali kiasi cha miaka 11.4 ya nuru.

Mwaka wa nuru, kwa asiyezoea, ni umbali: mwendo wa nuru kwa mwaka mzima, kama kilomita bilioni 9,460. Watu wa zamani walipokwambia kijiji fulani ni mwendo wa siku mbili walikuwa wakipima kwa namna hiyohiyo. Mwezi uko mwendo wa sekunde 1.3 za nuru, Jua dakika nane na kidogo. Chombo kilichokwenda mbali kuliko vyote tulivyorusha, Voyager 1, kimekuwa njiani tangu Septemba 1977 kwa kasi ya kilomita 17 hivi kwa sekunde, na hakijamaliza nusu ya wiki moja ya nuru.

Pembe ya Cygnus X-1 ni ndogo mno kuliko ile ya Bessel. Ilipatikana kwa uhakika tulio nao leo mwaka 2021, wakati kikosi kilichoongozwa na James Miller-Jones wa Australia kilipotumia darubini kumi za redio zilizotawanywa kutoka Hawaii hadi Visiwa vya Virgin, zikifanya kazi kama jicho moja lenye upana wa kilomita 8,000. Nilikaa nikaifanya hesabu ili niione pembe hiyo kwa macho ya kawaida. Ni sawa na mtu aliyeko Malindi kuutambua upana wa kucha ya kidole cha mtu aliyeko Roma.

Jibu: miaka 7,200 ya nuru. Kabla ya hapo ilidhaniwa kama miaka 6,000. Taa ilikuwa meli kubwa zaidi ya tulivyodhani, na uzito wa shimo ukapanda kutoka Majua 15 hadi 21. Badiliko hilo si la tarakimu tu. Nyota kubwa hupuliza upepo mkali unaowapunguza uzito maisha yao yote, na kwa hesabu za awali nyota iliyozaa shimo hilo ilipaswa kuwa imepoteza zaidi. Ikabidi wataalamu wairekebishe hesabu ya upepo wenyewe. Pembe ya upana wa kucha ikabadilisha tunavyoelewa maisha ya nyota zote kubwa.

Eksirei zilizogonga vishubaka vya Uhuru mwaka 1970 zilikuwa zimetoka huko kabla ya jiwe la kwanza la piramidi za Misri kuwekwa. Chombo cha kasi ya Voyager kingeanza safari ya kwenda huko leo, kingehitaji zaidi ya miaka milioni 120. Na Cygnus X-1 ni jirani. Galaksi yetu ina upana wa takriban miaka 100,000 ya nuru; shimo hilo liko mtaani kwetu, nyumba chache tu mbele. Galaksi ya Andromeda iko miaka milioni 2.5 ya nuru.

Uhuru ilifika mbali zaidi ya hapo. Ilikuta eksirei zikitoka kwenye makundi ya galaksi, kama lile la Coma, lililo umbali wa miaka milioni 320 ya nuru hivi. Hazikutoka kwenye tundu moja dogo kama zile za Dajaja. Zilienea eneo pana, katikati ya galaksi, mahali palipoaminiwa kuwa patupu. Palikuwa pamejaa gesi nyembamba sana yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na gesi hiyo ikipimwa yote pamoja inazidi uzito wa nyota zote za galaksi zilizomo. Hili hunigusa kuliko mashimo meusi. Kwa miaka yote ya kutazama mbingu watu walikuwa wakiziona nyota, wakadhani wanaiona mali yote. Sehemu kubwa ya maada ya kawaida ya makundi hayo ilikuwa katika nuru ambayo hewa yetu haituruhusu kuiona, na chombo cha kilo mia moja na arubaini hivi, kilichopanda kutoka maji ya Ngomeni, ndicho kilichoanza kuionyesha.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Orodha yake ya nne na ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vitu 339, na wanaastronomia wanaitumia hadi leo kwa majina yaleyale. Kimoja kinaitwa 4U 1820-30. Kimo ndani ya kishada cha nyota kuelekea katikati ya galaksi yetu: nyota ya nyutroni na mabaki ya nyota nyingine, zikizungukana mara moja kila dakika 11. Namba 4 ni ya orodha ya nne, 1820-30 ni mahali pake angani, na herufi U inayoandikwa katika maabara za Tokyo, Munich na Boston ni ya neno Uhuru.